Blogu ya Somo la Kiingereza: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mwalimu wa Kiingereza akiliagiza darasa la sekondari lianzishe blogu, wiki ya kwanza huwa na vigelegele. Kila mtu anachagua rangi, picha na jina la kuvutia. Kufikia katikati ya muhula vigelegele vimekwisha na makala zinachapishwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Kisha mwalimu anatoa agizo la kufungia kazi: kila mmoja aandike tafakuri, aeleze amejifunza nini kwa kuandika blogu. Hapo uongo huanza. Mwanafunzi aliyebahatisha makala tatu anaandika kwamba blogu imemfumbua macho, imempanua mawazo, na kwamba atamshukuru mwalimu daima. Mwalimu anatia alama ya vema, na wote wawili wanabaki pale pale walipokuwa.

Orodha hii imeandikwa kuuzuia uongo huo. Ni ya wanafunzi kwanza, kisha ya walimu wao, na haimbembelezi mtu. Jambo moja linazishikilia kanuni zote: insha ya daftarini husomwa na mtu anayelipwa kuisoma, lakini makala ya blogu husomwa na mtu asiyelazimika. Huyo wa pili anaweza kuondoka baada ya sentensi moja, na hana deni kwako. Kazi nzima ipo hapo. Ukimsahau msomaji huyo, umeihamisha insha kutoka kwenye karatasi hadi kwenye skrini, basi.

KABLA YA KUANDIKA

Chagua jambo dogo unalolijua kwa macho yako. Mwaka 2012 msichana wa miaka tisa huko Lochgilphead, Uskoti, Martha Payne, alianza kuandika blogu kuhusu chakula cha mchana cha shuleni kwao. Aliiita NeverSeconds. Alipiga picha ya sahani, akataja bei, akahesabu matonge, akatoa alama, na hata akaandika kama amekuta unywele. Halmashauri ya eneo lake ilimkataza kupiga picha, watu wakapiga kelele, na katazo likaondolewa upesi. Wasomaji walichangia zaidi ya pauni 100,000 kwa shirika la Mary's Meals linalolisha watoto wa shule, na sehemu ya fedha hizo ikajenga jiko la shule nchini Malawi. Hakuwa amefika sekondari. Hakuandika kuhusu "umuhimu wa lishe bora". Aliandika kilichokuwa kwenye sahani yake siku hiyo.

Usichague mada ya mashindano ya mdahalo. "Faida na hasara za teknolojia", "madhara ya dawa za kulevya", "elimu ni ufunguo wa maisha": mada hizi zimeandikwa na kila aliyekutangulia, na wewe huna jipya la kuziongezea kwa sababu hukuzichagua, ulizikuta. Kama dawa za kulevya ni jambo unalolijua mtaani kwenu, andika kuhusu kibanda kimoja, jioni moja, bila kumtaja mtu. Kama hulijui, liache.

Usihamie Ulaya. Mwanafunzi wa Kakamega anaandika kuhusu theluji dirishani na bibi anayeota moto sebuleni kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye vitabu vya hadithi. Msomaji wa ng'ambo ana theluji ya kumtosha. Msomaji wa kwenu anajua hujawahi kuiona. Mvua ya saa tisa alasiri inayokatiza mechi ya kandanda ni yako, na hakuna mwingine duniani atakayeiandika kama wewe hukuiandika.

Andika rasimu kwa kalamu. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na maabara ya kompyuta hupatikana kwa zamu. Usitumie dakika za zamu yako kufikiri. Fikiri darasani, bwenini, kwenye foleni ya chakula, ukae mbele ya kompyuta ukiwa na ukurasa uliojaa. Malala Yousafzai alikuwa na miaka 11 Januari 2009 alipoanza kuandika shajara ya mtandaoni kwa ajili ya idhaa ya Kiurdu ya BBC kuhusu maisha ya Swat, Pakistan, chini ya Taliban. Si yeye aliyeiweka mtandaoni: maneno yake yalimfikia mwandishi wa BBC, naye ndiye aliyeyapeleka. Aliyekosa kompyuta hajakosa la kusema.

Panga siku na uiheshimu. Makala moja kila baada ya wiki mbili, siku ile ile, ni bora kuliko makala tano za mkesha mmoja. Makala za mkesha mmoja hujulikana: zote zina sauti moja ya usingizi.

UNAPOANDIKA

Ingia kwenye habari kuanzia sentensi ya kwanza. Wanafunzi wamekaririshwa mianzo: asubuhi ya jua jekundu, ndege wakiimba matawini, jogoo akiwika, mwandishi akiruka kitandani. Mtahini ameisoma maelfu ya mara. Msomaji asiyelipwa hataisoma hata mara moja. Ikate aya ya kwanza ya rasimu yako uone kama makala imepungukiwa na chochote. Mara nyingi haipungukiwi.

Usitafute neno gumu pale rahisi linapotosha. Kiingereza cha kujionyesha ni koti la baba kwa mtoto wa kidato cha pili: kila mtu anaona mikono imepotea ndani. Ukitumia neno kutoka kwenye kamusi ya visawe bila kuwahi kulisikia likitumika, utalitumia vibaya, na aliyezaliwa na lugha hiyo ataligundua kabla hajamaliza mstari.

Taja ulikotoa habari, na uweke kiungo. Ukinukuu gazeti, taja gazeti. Ukitumia picha ya mtu, omba ruhusa au piga yako. Kunakili aya ya mtu na kubadilisha maneno matatu ni wizi, hata kama mwenyewe yuko bara jingine na hatajua. Mwalimu akinakili sentensi yako na kuiweka kwenye mtambo wa kutafuta, atajua kwa muda mfupi kuliko ulioutumia kuiba.

Usiiachie akili mnemba kalamu. Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, mwanafunzi anaweza kupata makala nzima ya Kiingereza kilichonyooka kabla chai haijapoa. Makala hiyo haitakuwa na kosa la sarufi, wala haitakuwa na mvua ya kwenu, mwalimu wenu wa zamu, au mandazi yaliyoongezwa bei muhula huu. Ukitaka kuitumia ikueleze kanuni ya sarufi, sawa, na useme kwamba umeitumia. Ukiiacha iandike, basi iache na tafakuri ya mwisho iiandike yenyewe, maana wewe huna la kutafakari.

Kumbuka mtihani, lakini usiufanye mtawala. Mwanafunzi wa Kenya anajua Karatasi ya Tatu ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari: insha ya kubuni na insha za vitabu teule, tatu kwa jumla, alama 20 kila moja. Insha hizo huandikwa mara moja, kwa saa iliyopimwa, bila kurudi nyuma. Blogu inakuruhusu kile ambacho mtihani unakunyima: kuandika, kulala, kuamka, kusoma tena na kurekebisha. Itumie ruhusa hiyo. Anayechapisha rasimu ya kwanza kwenye blogu anafanya mtihani usio na cheti.

Maliza kwa swali unalotaka kweli kujibiwa. Mwanzoni mwa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiendelea Kenya, Ory Okolloh aliandika katika blogu yake, Kenyan Pundit, akiuliza kama kuna wataalamu wa teknolojia wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali matukio yanapotokea. Waliosoma walijitokeza, na jukwaa la ramani la Ushahidi likazaliwa. Lile lilikuwa swali lenye kazi. "Je, wewe una maoni gani, ndugu msomaji?" si swali. Ni njia ya kutoka mlangoni ukiwa umeishiwa.

MAONI YA WENZAKO

Soma makala yote kabla ya kuiandikia maoni. Kisha taja sentensi moja iliyokugusa au iliyokutatiza, na useme kwa nini. "Umesema shangazi yako alikasirika, lakini hukutuonyesha alifanya nini" ni maoni. "Kazi safi, endelea vivyo hivyo" ni salamu.

Usiwaandikie marafiki zako peke yao. Katika kila darasa kuna mwanafunzi ambaye makala zake hazina maoni hata moja muhula mzima. Anaona. Mwenye adabu huanza na huyo.

Usibishane kwa matusi. Pinga hoja, mwache mtu. Mzaha unaoeleweka bwenini kwa sababu ya sauti na uso husomeka kama tusi ukiwa maandishi, na mzazi wa mwenzako naye anasoma.

Usifute maoni yasiyokupendeza kwa kuwa tu hayakupendezi. Futa matusi, vitisho, namba za simu na matangazo. Ukosoaji wa haki ujibu, hata kwa sentensi moja ya asante. Siku ya tafakuri utauhitaji kuliko sifa zote ulizopewa.

USALAMA NA SHERIA

Hapa hakuna nafasi ya kujaribu.

Tumia jina la kalamu au jina la kwanza pekee. Malala aliandika kwa jina la Gul Makai. Jina la bandia lilimpa nafasi ya kusema, lakini halikumfunika daima: baadaye alijulikana, na Oktoba 2012 alipigwa risasi akiwa kwenye gari la shule. Jina la kalamu hupunguza hatari, haliiondoi. Kwa hiyo fikiri pia kuhusu unachokisema.

Usichapishe namba ya simu, mahali unapoishi, njia unayopita kwenda nyumbani, wala ratiba yako. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Ondoa taarifa hizo kabla ya kuipakia. Sare yenye nembo ni anwani tosha.

Usiweke picha ya mtoto bila ruhusa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwalimu anayesema "ni kazi ya darasa tu" hajui anazungumzia fedha za nani.

Jua kanuni za nchi yako kabla ya kuifungua blogu kwa umma. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na ada ya leseni peke yake ilikuwa shilingi milioni moja. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu hapo, na zinaweza kubadilishwa tena, kwa hiyo zisome zilizopo leo. Zaidi ya hayo, blogu ya darasa inaweza kufungwa kwa nywila na kusomwa na wanafunzi, wazazi na darasa la shule jirani pekee. Wasomaji arobaini wasiolazimika wanatosha kabisa.

Usidhani kwamba ukifuta kimefutika. Internet Archive imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa za mtandao tangu 1996. Rafiki mwenye simu huhifadhi haraka zaidi. Ulichokiandika kwa hasira ukiwa na miaka 16 kinaweza kusomwa na mwajiri wako ukiwa na 26.

KWA MWALIMU

Andika na wewe. Mwalimu mwenzangu, kama huna muda wa makala moja kwa mwezi, usidai nne kutoka kwa mtoto mwenye masomo manane. Darasa likiona mwalimu naye anahangaika na aya ya kwanza, litaamini kwamba uandishi ni kazi, si adhabu.

Usiwaandike wanafunzi wako. Mwaka 2011 mwalimu wa Kiingereza wa sekondari huko Pennsylvania, Marekani, alisimamishwa kazi baada ya kugundulika kwamba alikuwa akiwakejeli wanafunzi wake katika blogu yake. Hakuwataja majina. Haikumsaidia: alishindwa katika kesi aliyofungua kudai haki ya kusema. Wanafunzi hujitambua, na hawasahau.

Sahihisha faraghani, sifu hadharani. Kosa la sarufi liandike kwenye karatasi au barua pepe ya mwanafunzi, usiliandike chini ya makala ambapo mjomba wake wa Mombasa atalikuta. Alama usizichapishe kamwe.

Usihesabu maneno wala maoni kama ndiyo kazi. Ukisema "maoni matano kwa wiki, alama tano", utapata "kazi safi" tano kwa kila mwanafunzi, na utakuwa umezinunua mwenyewe. Dai maoni mawili yenye nukuu ndani.

Usilifanye bando kuwa kigezo cha alama. Mwanafunzi mmoja ana kompyuta nyumbani. Mwingine ana simu moja ya familia yenye kioo kilichopasuka. Wa tatu anakwenda saiba na kulipa kwa dakika. Kama kazi haiwezi kukamilika ndani ya saa za shule, umeweka kiingilio kwenye somo la lazima.

Kama mtandao hakuna, tumia ukuta. Gazeti la ukutani lenye makala za mkono, na karatasi tupu chini ya kila makala kwa ajili ya maoni, linatimiza karibu yote. Wapita njia wa koridoni hawalazimiki kusoma. Wakisimama, mwandishi amefaulu, na atawaona kwa macho yake.

Usiogope kukataa makala. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Makala ya kubahatisha ukiipokea kwa huruma, umemfundisha mwanafunzi kwamba msomaji hana haki. Irudishe, na siku ya kuileta tena uitaje.

TAFAKURI YA MWISHO

Sasa tufike kwenye karatasi yenyewe ambayo wengi huiandika kwa kusinzia.

Soma makala zako zote kwanza, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mkao mmoja. Usitegemee kumbukumbu. Kumbukumbu itakuonyesha mwandishi mzuri kuliko yule utakayemkuta kwenye makala.

Nukuu sentensi zako mwenyewe. Moja mbaya na moja nzuri, zote kama zilivyochapishwa. Eleza mbaya ina kasoro gani, na nzuri ilifanyaje kazi. Tafakuri isiyo na nukuu ni ushahidi wa mtu ambaye hakuwapo.

Usiandike "nimejifunza mengi". Taja moja. "Kiingereza changu kimeimarika" ni dai ambalo hakuna anayeweza kulikanusha wala kulithibitisha. Linganisha na hili: "Makala yangu ya kwanza kuhusu soko ilikuwa na sifa tisa na hakuna mtu hata mmoja anayezungumza. Ya tano ina muuza viazi anayegombana na mteja juu ya shilingi kumi, na hiyo ndiyo iliyopata majibu." Hapo msomaji anaona kitu kimesogea.

Eleza uamuzi uliofanya. Kwa nini ulikata aya ya pili? Kwa nini ulibadilisha kichwa? Kwa nini uliiacha mada ya siasa? Uandishi ni maamuzi, na tafakuri ni maelezo ya maamuzi hayo. Kama huna hata moja unaloweza kulitetea, sema ukweli kwamba uliandika bila kuchagua.

Usijivunie idadi ya waliotembelea. Ndani ya idadi hiyo umo wewe uliyefungua ukurasa kila saa, yumo mwalimu, zimo programu zinazopita mtandaoni zikikusanya kurasa bila kuzisoma. Msomaji mmoja aliyeuliza swali lililokulazimisha kurudi na kurekebisha ana uzito zaidi. Mtaje kwa alichokisema, si kwa jina.

Usimshukuru mwalimu. Shukrani ina mahali pake: mlangoni, kwa mdomo, baada ya alama kutoka. Ndani ya tafakuri inasomeka kama rushwa, hata ikiwa ya dhati.

Sema kama kazi haikukufaa, na utoe sababu yenye ushahidi. Huenda unaandika vizuri zaidi ukijua hakuna anayeangalia. Huenda hofu ya kuchekwa kwa Kiingereza chako ilikufanya uchague sentensi fupi na mada salama muhula mzima. Hayo ni matokeo halali, na ni ya thamani kwa mwalimu kuliko sifa ishirini. Ila yaonyeshe: weka insha ya daftarini na makala ya blogu kando kwa kando, tuone tofauti.

Usibadilishe makala za zamani ili zifanane na tafakuri. Kosa lililochapishwa Februari libaki na tarehe yake. Ukilirekebisha, andika chini kwamba umelirekebisha na lini. Anayefuta nyayo hawezi kudai kwamba ametembea.

Usikabidhi kabla ya kujibu swali hili: kama kusingekuwa na alama, ni ipi kati ya makala hizi ungeiandika hata hivyo? Ukiipata, itaje katika aya ya kwanza na uijenge tafakuri yote juu yake. Usipoipata, hilo nalo litaje katika aya ya kwanza, ueleze lilikotoka, kisha mpelekee mwalimu mada ambayo ungeiandika kama ungeulizwa.